Rika Langu

Nilizaliwa mwaka themanini na tano, mwezi wa nane,
ukungu ukiwa bado umelala juu ya Katumba.
Mwezi huohuo, anasema Subilaga,
nchi yetu iliridhia mkataba
kwamba mwanamke ni mtu mzima, asikatwe robo.

Kumbe tu rika moja, mimi na wewe.
Wazee wa hapa walijenga vijiji kwa rika,
waliokua pamoja wakakaa pamoja.
Wewe ulijenga wapi?
Sijakuona mtoni.
Hukuja nilipovunja ungo,
hukuja ng'ombe watatu walipoingia zizini kwa baba,
wala kwenye matanga ya Ambakisye hukuja,
na siku hiyo walikuja wote, hata waliokuwa wanatudai.

Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi.
Mizani ikisema kumi na saba,
karani aliandika: Ambakisye.
Ishirini na moja, mgongo umelowa, mtoto ana homa:
Ambakisye.
Mwenye jina alikuwa Tunduma akifuata biashara zake,
akirudi anakuta hela inamsubiri.
Alininunulia chumvi kwa jasho langu
nami nikapokea kwa mikono miwili: ndaga.

Alipokufa nilidhani na jina litazikwa.
Jina halikuzikwa. Lilihama.
Kilo kumi na tisa: Gwamaka,
mdogo wa marehemu,
ambaye kidole chake hakijawahi kuwa cheusi kwa utomvu wa chai.
Shamba ni la ukoo, walisema, na wewe ni mgeni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nimelishika miaka kumi na tisa,
ugeni wangu hauishi?

Ndipo akaja Subilaga, buti za mpira,
karatasi zake ndani ya mfuko wa sukari.
Akasoma ibara ya kumi na nne: wanawake wa vijijini.
Nikamwambia, rudia hapo.
Akarudia.
Vijijini.
Basi huko mbali, watu wenye makoti
na vidude vya tafsiri masikioni
walikaa wakamfikiria mtu kama mimi,
bila kuujua mteremko huu, bila kuwajua siafu wake.
Sikujua nicheke au nikasirike.

Kwenye baraza la kata mjumbe mmoja alikohoa:
mambo ya mikataba hayajui mila zetu.
Nikasimama, matope hadi magotini.
Mila inanijua, nikasema,
inajua nipike nini msibani na nikae upande gani.
Jina langu tu ndilo haijawahi kuuliza.
Mvua ikaangukia bati, hakuna aliyesikia.
Mvua ya Tukuyu haina adabu ya baraza.
Nikarudia.
Ikabidi nirudie tena, kwa kelele, kama mtu anayefukuza nyani,
na maneno yakatoka mabaya kuliko nilivyoyapanga.

Shauri limeahirishwa. Mara ya tatu sasa.

Lakini chai haijui kuahirishwa.
Jumatatu nimetua tenga langu kituoni.
Kumi na sita, akasema karani, kalamu tayari kwenye G.
Nikaweka kiganja juu ya daftari.
Nyuma yangu wanawake kumi na mmoja, mizigo bado mgongoni,
na hakuna aliyesema fanya haraka.
Karani akawatazama. Akanitazama.
Kalamu ikagoma. Akaipulizia, akaisugua kwenye suruali,
akaandika Atuga, akakosea, akakata.
Nikamtajia herufi moja moja,
kama ninavyomtajia mwanangu wa darasa la kwanza:
Atuganile.

Mwisho wa mwezi hela itakwenda kwa nani, sijui.
Gwamaka ameshapata habari, pikipiki yake naisikia mlimani.

Umechelewa, rika langu, na viganja vyako ni laini.
Haya, usisimame tu.
Shika tenga upande huo.